Mstari Ambao Emérence Hakuweza Kuusoma

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema kwenu nyote wa Bukavu, Bagira, Kadutu na Ibanda, na ninyi mnaotusikia kutoka Mumosho hadi Minova. Leo tunamkumbuka Emérence M'Bagula, karani wa parokia moja ya Bagira. Alifariki Jumatano, tarehe kumi na tatu Novemba, saa tano asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Alifariki hospitalini. Alifariki kwa sababu chembe nyeupe za damu yake zilikuwa zimeisha.

Ishikeni sentensi hiyo ya mwisho. Nitairudia, kwa sababu huko Bagira kuna sentensi nyingine inayotembea, na hiyo nyingine ni ya uongo.

Kipindi hiki kimeombwa na binti yake, Ghislaine. Mengi ya nitakayosimulia yametoka kwa Eulalie Nsimire, mwanamke aliyefanya kazi na Emérence kwa miaka kumi na mmoja. Nimesoma pia karatasi: carnet ya hospitali, yaani daftari la mgonjwa, carnet ya kituo cha afya, na madaftari ya ubatizo ya mwaka huu. Sitawasimulia kitu ambacho sikukiona kwa macho au sikuambiwa na aliyekuwepo.

Emérence alizaliwa Minova. Baba yake alikuwa mpimaji kwenye depo ya kahawa. Akiwa na miaka tisa tayari yeye ndiye aliyeandika alama kwenye magunia, kwa brashi na rangi nyeusi. “Siku moja magunia ishirini ilienda fasi ingine juu ya S yangu haikusomeka,” alizoea kumwambia Eulalie. “Papa hakunipiga. Alinipeleka ku ziwa, ku bateau, nione vile inaondoka.”

Mwandiko huo ndio uliompa kazi. Ofisi ya parokia ina dirisha moja, meza moja na kabati la chuma. Chumba cha pili, kilichotenganishwa na pazia tu, ni cha Eulalie, mjane wa miaka hamsini na miwili, anayefua na kupiga pasi nguo za altare. Kutoka nyuma ya pazia lile, Eulalie alisikia kila kitu. Alisikia wababa wakija kuandikisha watoto.

“Jina la mutoto?”

“Colonel.”

“Papa, Colonel si jina. Ni kazi.”

“Basi andika Docteur.”

“Huyu hajaota hata meno, tayari docteur? Atamutibu nani? Nenda uongee na maman yake, nitakungojea.”

Na baba alienda, akarudi, na mtoto akaitwa Cédric. Eulalie anasema alikuwa akicheka mpaka pasi inatua mahali pabaya.

Lakini kuna jambo moja ambalo Emérence hakulifanyia mzaha. Madaftari ya parokia yana sheria yake. Cheti kikija kutoka parokia nyingine, na neno moja halisomeki, karani hakisii. Anaweka nukta mahali pa neno lile, kisha anamuuliza aliyeandika. Nukta zinabaki mpaka jibu lije. Eulalie aliona wachumba wakipiga meza kwa sababu ya nukta hizo. Aliona mama mmoja akilia. Emérence alijibu kila mmoja vilevile: “Jina la kukisia ni jina la mutu mwingine. Nitauliza.”

Wasikilizaji wapendwa, kumbukeni sheria hiyo. Usichoweza kusoma, usikikisie. Weka nukta, uulize. Ni sheria nzuri. Imelinda majina ya maelfu ya watoto wa Bagira.

Ugonjwa ulianza kuonekana mwezi wa tano. Nimeliona daftari. Hadi Aprili herufi zimesimama wima, kila moja kwa nafasi yake. Mwezi wa tano mikia ya herufi inaanza kutetemeka. Mwezi wa saba, mstari wa jina unapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Bagira. Mchumba mmoja alikikataa cheti chake cha ndoa, akasema kimeandikwa na mlevi.

Neno hilo likatoka ofisini likaingia mtaani. Maman karani anakunywa pombe ya kasiksi. Maman karani anakonda, ana ugonjwa ule. Tazama macho yake vile yanamtoka. Emérence alikuwa anakula sahani mbili na kilo zinaondoka. Asubuhi za Juni, wakati Bagira nzima imevaa sweta, yeye alifungua dirisha na kujipepea kwa bahasha. Padri alimwita na kumuuliza kwa upole kama anakunywa.

“Ndiyo, padri,” alijibu. “Maji. Bidoni ya litre tano inaisha kabla ya jioni. Ukipenda, nusa.”

Eulalie ndiye aliyechoka kusikia. Siku moja alipita pazia, akaweka kiganja chake mgongoni mwa Emérence, katikati ya mabega, akakiacha pale. Ameniambia hivi, na ninamnukuu: “Moyo ilikuwa inakimbia sawa mashine ya kushona. Na mutu amekaa tu ku kiti. Nikamuambia, Maman Ghislaine, hii si pombe, hii ni ugonjwa, na kesho tunaenda hospitali, miye na weye.”

“Na nguo za Jumapili, yaya?” Emérence aliuliza. Alizoea kumwita hivyo, yaani dada mkubwa.

“Mungu atavaa ya wiki jana.”

Walikwenda. Daktari aliyewapokea anaitwa Destin. Amekubali tumtaje jina, na nitaeleza kwa nini ninamheshimu kwa hilo, ingawa sitamwachilia. Aliagiza damu ipimwe. Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Emérence alikuwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Tezi hiyo ni ndogo, imekaa mbele ya koo, na kazi yake ni kupanga mwendo wa mwili mzima. Ya Emérence ilikuwa imeuacha mwili ukimbie bila kupumzika: moyo, mikono, tumbo, usingizi. Hakuwa mlevi. Hakuwa na ugonjwa ule mliousema. Alikuwa na ugonjwa wenye jina na wenye dawa.

“Maman, mwili yako iko nashuka mulima bila frein,” daktari alimwambia. “Hii dawa ni frein.” Frein ni breki.

Dawa inaitwa carbimazole. Vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Emérence alianza Jumatatu, tarehe kumi na sita Septemba. Daktari aliandika kila kitu kwenye carnet, kwa Kifaransa, upesi, mistari mitano. Nje, kwenye korido, watu zaidi ya arobaini walikuwa wanangoja. Alitaja pia kitu kuhusu homa, Eulalie anakumbuka, lakini alikisema huku ameinama anaandika, na mlango ulikuwa tayari umefunguliwa kwa mgonjwa mwingine.

Emérence alipanga dawa zake kwa kengele. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, na saa kumi na mbili jioni. Mara tatu. Kidonge na kengele. Za asubuhi na jioni alizinywea nyumbani. Za mchana zilikaa ofisini, ndani ya kikopo cha maziwa, na kila saa sita Eulalie alipita pazia na glasi ya maji. Waliokuja kwa vyeti waliwaona. Glasi, vidonge viwili vyeupe, mkono wa Eulalie. Hakuna aliyeona ubaya wakati ule.

Na dawa ilifanya kazi. Narudia, wasikilizaji: dawa ilifanya kazi. Tazameni daftari. Wiki ya tatu herufi zinaacha kuruka. Wiki ya sita zimesimama. Tarehe ishirini na saba Oktoba walibatizwa watoto kumi na wanne, na majina yote kumi na manne unaweza kuyapima kwa rula. Emérence alikuwa ameongezeka kilo nne. Alifunga dirisha. Mumewe Ignace, fundi wa milango ya chuma, alimwambia jirani kwamba bibi yake ameanza tena kulala.

Sasa nifike kwenye mstari wa tano.

Emérence alikuwa karani. Aliporudi kutoka hospitali ile siku ya kwanza, alinakili maagizo ya daktari kwenye kadi, kwa mwandiko wake, akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Kadi ninayo mbele yangu. Mstari wa kwanza, jina la dawa. Wa pili, vidonge vingapi. Wa tatu, saa. Wa nne, tarehe ya kurudi: Jumatatu, kumi na nane Novemba. Mstari wa tano una nukta sita.

Nukta sita. Hakuweza kuusoma mstari wa daktari, na hakukisia. Alimwambia Eulalie: “Hii ya mwisho imenishinda, yaya. Inaonekana sawa njia ya kuku. Nitamuuliza tarehe kumi na nane.”

Nimeitazama carnet. Mimi pia sikuweza. Nilimwomba mwenyewe daktari Destin anisomee, naye alisoma. Mstari ule unasema: ukipata homa au maumivu ya koo, simamisha dawa, pima damu siku hiyohiyo.

Nieleze, polepole. Dawa hii inasaidia wengi. Kwa watu wachache sana, chini ya mmoja katika mia, na mara nyingi katika miezi mitatu ya kwanza, inafanya chembe nyeupe za damu ziishe. Chembe hizo ndizo zinazopigana na vidudu. Zikiisha, koo linauma, homa inapanda, vidonda vinatoka mdomoni. Dalili ni hizo. Ukisimamisha dawa mapema na kutibiwa, wengi wanapona. Mwenye kuijua sentensi hiyo moja ana nafasi. Asiyeijua hana.

Jumanne, tarehe tano Novemba, Emérence aliamka na homa na koo linalouma. Ilikuwa siku ya hamsini na moja ya dawa.

Jumatano walikwenda kituo cha afya cha karibu, yeye na Eulalie, kwa miguu. Muuguzi alimchoma kidole, akapima malaria. Kipimo kilionyesha mstari mmoja. Mstari mmoja maana yake hakuna malaria.

“Ni malaria,” alisema muuguzi.

Eulalie amesoma mpaka darasa la nne, primaire. Lakini kuhesabu moja na mbili anajua. “Docteur, haiko mstari mumoja?”

“Maman, test inadanganya. Huku kwetu homa mu mvua ni malaria. Weye unafua nguo za padri, miye ninakufundisha kufua?”

“Apana. Lakini anakunywa dawa ya shingo, ya hospitali. Carnet njo hii.” Na akaitoa mfukoni, akamnyooshea.

Muuguzi hakuifungua. Aliisukuma kwa kalamu, kutoka upande wake wa meza hadi upande wao. “Carnet ya watu si yetu. Hapa tunaandika mu carnet ya hapa. Na goitre ya shingo haiko na maneno na malaria.”

Kila kituo na carnet yake. Mnaijua desturi hii, wasikilizaji wapendwa, tumeikubali wote. Nyumba moja ina carnet nne, tano, na hakuna inayojua ya mwenzake. Mstari wa tano ulikuwa pale mezani, umbali wa kalamu moja. Labda muuguzi angeusoma, kwa kuwa wauguzi na madaktari husomana. Labda asingeusoma. Hakufungua. Aliandika malaria, akachoma sindano ya malaria, akasema arudi kesho na kesho kutwa kwa nyingine.

Sasa ninaingia kwenye jambo ambalo Eulalie aliniomba nisilifiche. Siku ile ya Jumatano, baada ya kituo, alirudi ofisini, akachukua kile kikopo cha vidonge vya mchana, akapika uji wa mtama, akavipeleka vyote nyumbani kwa Emérence. Alimpa vidonge viwili kwa mkono wake. Alhamisi alifanya hivyo tena. Ijumaa pia. Hakutaka mgonjwa akose dozi.

Vidonge vile vilipaswa kusimamishwa. Kila kimoja kilikuwa kinazidi kumaliza zile chembe. Eulalie hakujua. Emérence hakujua. Aliyejua aliandika njia ya kuku, na aliyeweza kujua alisukuma carnet kwa kalamu.

“Ninajihesabu,” Eulalie aliniambia. “Vidonge sita. Mukono huu.”

Nilimjibu kwamba hesabu hiyo si yake. Alinitazama kama mtu anayesikia Kifaransa.

Ijumaa jioni mdomo wa Emérence ulikuwa umejaa vidonda. Hakuweza kumeza wala kusema. Jumamosi asubuhi alifika Marcelline, dada mkubwa wa Ignace. Marcelline ni mfanyabiashara, ni mtu wa kusikilizwa katika ukoo, na mwaka juzi alimzika kaka yake akiamini alilishwa sumu. Alimfungua mgonjwa mdomo, akatazama, akaufunga.

“Karuho,” alisema.

Kwa wale wanaotusikia kutoka mbali: karuho ni sumu ya kutegewa, ile ambayo mtu anawekewa kwenye chakula au kinywaji na anayemjua. Katika mji huu neno hilo likishasemwa ndani ya nyumba, hakuna anayeuliza swali la pili. Linabaki moja tu: nani?

“Weye Ignace, unalala?” Marcelline alimwambia ndugu yake mbele ya wote. “Bibi yako banamumaliza mbele ya macho yako, na weye uko nachomelea milango ya batu! Nani alimulisha wiki hii?”

Ghislaine alijibu kwa kuwa alikuwa mkweli: “Maman Eulalie alileta uji.”

“Na nini ingine?”

“Na vidonge.”

“Vidonge kutoka wapi?”

“Mu kikopo cha maziwa, shangazi. Ni dawa ya—”

“Mu kikopo cha maziwa!” Marcelline akapiga viganja. “Dawa ya hospitali inakaa mu kikopo cha maziwa? Eulalie ni nani? Ni muganga?”

Emérence alikuwa anasikia yote. Aliomba kalamu kwa kidole. Ghislaine akamletea kipande cha karatasi. Nimekishika kipande hicho wiki hii. Kimeandikwa hivi: *Si Eulalie. Munipeleke hospitali. Muulize mstari wa tano.*

Mwandiko haukutetemeka hata kidogo. Ni mwandiko wa mtu ambaye dawa ilikuwa imemrudishia mikono, na ilikuwa inaondoka na maisha yake. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshajibu. Kwa herufi zinazosomeka kuliko herufi za daktari yeyote wa mji huu.

Marcelline alisoma. Akasema: “Karuho inageuza akili. Unamutetea aliyekulisha. Njo vile inatumika.”

Niambieni, wasikilizaji wapendwa. Mtu afanye nini zaidi? Aliandika. Alitaja jina na mstari. Alikuwa na homa ya digrii arobaini na bado aliandika vizuri. Na ushahidi wake ukageuzwa kuwa dalili.

Walimpeleka kwa mwanamume anayetapisha sumu. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, alinyweshwa maji ya mizizi kupitia koo lililojaa vidonda, ili atapike kitu ambacho hakikuwamo. Eulalie alikuja nyumbani kwao Jumapili baada ya misa. Ignace alimsimamisha mlangoni. Hakumtukana. Alimwambia tu, akitazama pembeni: “Maman, heri urudi. Dada yangu iko ndani.”

Jumatatu, tarehe kumi na moja, Ghislaine alikataa kumwona mama yake akitapishwa tena. Alikodi gari, akampeleka hospitali. Damu ilipimwa mara moja. Chembe nyeupe zilikuwa karibu hakuna, na zile zinazopigana na vidudu zilikuwa sufuri. Sufuri. Nimeiona karatasi ya maabara.

Daktari Destin alifungua carnet yake mwenyewe. “Juu ya nini hamukusimamisha dawa? Niliandika!”

“Soma, docteur,” Ghislaine alimwambia. “Soma miye nisikie.”

Akasoma. Ndipo Ghislaine akamwekea mbele ile kadi, yenye mistari minne na nukta sita. Daktari aliitazama. Kisha akakaa. Alifanya yote yaliyobaki kufanywa, siku mbili mchana na usiku. Jumatano saa tano asubuhi Emérence alifariki.

Daktari aliniambia kwa simu: “Taja jina langu. Sasa ninaandika mstari huo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na mgonjwa ananisomea kabla hajatoka.” Ninamheshimu kwa hilo. Ninamwuliza pia, na ninauliza madaktari wote wa mji huu: kwa nini ilihitaji maiti?

Kituo cha afya hakikutaka kusema nasi. Muuguzi bado yuko kazini.

Na sasa zamu yetu.

Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, redio hii ilisoma tangazo la kifo cha Emérence. Liliandikwa na familia, likaletwa hapa, likakubaliwa, likasomwa mara tatu: asubuhi, mchana na alasiri. Katika tangazo hilo mlikuwa na maneno haya: *aliyenyakuliwa kwetu na mukono wa mutu.* Kila mtu wa Bukavu anajua maana yake. Hatukutaja jina. Hakukuwa na haja. Bagira ilishakuwa nalo.

Tangazo la tatu lilisomwa saa kumi alasiri. Saa kumi na nusu mawe yalianguka juu ya bati la Eulalie. Alikuwa ndani, anapiga pasi kanzu za mazishi ya rafiki yake. Walivunja mlango wa mbele. Mtu mmoja alikuwa na bidoni ya petroli. Eulalie alitoka kwa nyuma, akapita kiwanja cha jirani, amebeba kanzu mkononi kwa sababu hakukumbuka kuziweka chini. Jirani huyo, maman Maombi, alimfungia jikoni kwake mpaka walipotawanyika. Kesho yake akaenda Mumosho kwa kaka yake Benoît. Emérence alizikwa bila yeye.

Tulisoma sisi. Hatukuuliza nani amesema, wala kwa karatasi gani. Karani wa parokia asingelipitisha tangazo lile. Angeweka nukta. Sisi, wenye studio na mitambo, tulilisoma mara tatu kwa sauti nzuri.

Kwa hiyo ninarekebisha, na nitasema mara tatu, idadi ileile. Emérence M'Bagula hakulishwa sumu. Chembe nyeupe za damu yake ziliisha kwa sababu ya dawa ambayo haikusimamishwa kwa wakati. Emérence hakulishwa sumu. Karatasi ya maabara ipo, yeyote aje aione hapa studioni. Emérence hakulishwa sumu.

Nilimpigia Marcelline, apate nafasi ya kusema. Alisema: “Docteur naye alikuwa kule wakati wa uji?” Akakata simu. Ignace aliniambia anaamini karatasi, lakini hawezi kusema hivyo mbele ya dada yake. Nimeandika jibu lake kama lilivyo.

Wasikilizaji wapendwa, kuna watu kati yenu wanaokunywa dawa hii. Msiitupe. Inawarudishia watu mwili wao. Ila leo, kabla ya chakula, ifungueni carnet. Kuna neno hamlisomi? Msingoje tarehe ya kurudi. Nendeni kesho. Mkipata homa au koo likiuma, msinywe kidonge kinachofuata, na siku hiyohiyo mkapimwe damu, si malaria peke yake. Muuguzi akiisukuma carnet, irudisheni mezani. Akiisukuma tena, pazeni sauti mpaka korido isikie.

Na ninyi ambao neno karuho liko karibu na ulimi: sisemi sumu haipo duniani. Ninauliza mlipima nini kabla ya kushika jiwe.

Kwa Ghislaine, pole sana, mwanangu. Ulisema ukweli ukatumika vibaya, na kosa si lako. Kwa Ignace na ukoo wote, hata kwako maman Marcelline, tunawapa pole. Mmepoteza mtu ambaye hangepotea. Kwa parokia, pole. Na kwa Eulalie Nsimire, ambaye hakuna aliyempa pole, pole kutoka redio hii, pamoja na ombi letu la msamaha. Si lazima utujibu.

Nilipomuuliza kama nitaje jina lake au nilifiche, alijibu: “Taja. Taja yote na ya papa yangu. Bale walilitaja bila kuniuliza.” Basi: Eulalie Nsimire M'Kabwika, binti wa Kabwika wa Mumosho.

Misa ya siku arobaini ya Emérence ni Jumapili. Nguo za altare hazijapigwa pasi tangu Novemba, na Eulalie anasema hawezi kuiacha misa ile na kanzu zenye mikunjo. Anarudi kesho, Jumamosi. Atashuka kwenye minibus ya Bagira karibu saa nne asubuhi, kisha atapanda kwa miguu hadi kwake. Nilimwambia angoje tumtafutie gari. Amekataa. Atapita sokoni, mbele ya kituo cha afya, mbele ya lango la Ignace, amevaa kitenge cha kijani, na mfuko mmoja.

Mkimwona, msalimieni. Asiyeweza kumsalimia, amwachie njia.